USIIBE JINA LA JIRANI YAKO

Wapendwa katika Kristo,

Mwezi huu tulikuwa tumekusudia kuwaandikia juu ya mavuno na sadaka ya shukrani. Lakini limetokea jambo katika parishi yetu ambalo wengi wenu mmekwisha kulisikia, wengine kwa usahihi na wengine likiwa limetiwa chumvi, nasi tumeona kwamba kunyamaza si vema. Kwa hiyo tumeiweka kando habari ya mavuno, ili tuseme nanyi juu ya jina la mtu.

Yuko bibi mmoja miongoni mwetu, mjane, ambaye hakosi ibada ya asubuhi. Mwaka jana alipoteza simu yake sokoni, akaenda kwa wakala ili arudishiwe laini yake. Wakala yule ni kijana wa hapa hapa, aliyebatizwa na kupokea Kipaimara katika kanisa letu. Akamwamkia kwa heshima, "Shikamoo, bibi." Naye akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu." Bibi akaweka kidole kwenye kile chombo. Kijana akasema, "Kidole hakijasoma, bibi, weka tena." Akaweka tena. Akaambiwa aweke na cha mkono wa pili. Bibi hakuona neno, maana vidole vya mtu aliyeshika jembe miaka 50 vimelika, na mara nyingi mashine hazivisomi. Akashukuru, akaenda zake.

Hakujua kwamba amesajiliwa laini mbili. Moja alikwenda nayo nyumbani. Ya pili, yenye jina lake kamili na namba ya kitambulisho chake cha Taifa, ilibaki dukani, ikauzwa kwa watu asiowajua. Baada ya miezi michache askari wakafika kwake na kumwuliza habari za namba ambayo hajapata kuiona. Namba ile ilikuwa imewapelekea watu ujumbe ule tunaoujua sote, ule usemao kwamba ile hela sasa itumwe kwenye namba hii. Mtu mmoja wa mkoa mwingine, aliyekuwa akijiandaa kumlipa mwenye nyumba kodi yake, aliupokea siku ile ile, akadhani ni mwenye nyumba, akatuma kodi ya miezi 6.

Bibi alikaa kituoni kutwa nzima akihojiwa. Jioni ilionekana kwamba hana kosa, akaruhusiwa kurudi. Lakini tulipomtembelea alituambia neno ambalo hatujaweza kulisahau. Alisema, "Nimezeeka bila deni la mtu. Leo jina langu limeandikwa pamoja na wezi."

Ndugu zetu, jambo hili liko mikononi mwa vyombo vya sheria, wala hatutasema zaidi juu ya mashtaka yenyewe. Tunalotaka kusema ni lile lililotokea kati yetu baadaye. Wako waliocheka, wakasema kwamba wazee hawafai kushika simu. Wako waliomwendea bibi na kumsihi alimalize kimya kimya, kwa kuwa kijana ni mtoto wa kanisa na wazazi wake ni watu wema. Na sisi wachungaji wenu hatukuwa bora kuliko hao. Tulipoletewa habari, neno la kwanza tulilomwambia bibi ni kwamba avumilie, na jambo la kwanza tulilowaza ni sifa ya parishi. Tumekwisha kumwendea, tukamwomba radhi. Ni yeye aliyeturuhusu tuandike haya, ila tu tusimtaje. Tumemtii katika hilo, maana jina lake limekwisha kutumiwa na wengine vya kutosha.

Ngozi za wana-mbuzi

Labda mtu atasema kwamba wizi wa jina ni jambo jipya lililoletwa na simu na kompyuta. Sivyo. Fungueni kitabu cha Mwanzo, sura ya 27. Mzee Isaka macho yake yamefifia. Anataka kumbariki mwanawe Esau kabla hajafa. Yakobo, kwa shauri la mama yake, anavaa mavazi ya ndugu yake, anafungwa ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni kwa sababu Esau alikuwa na nywele nyingi, anachukua chakula na kuingia kwa baba yake. Alipoulizwa yeye ni nani, alijibu kwamba ni Esau.

Angalieni sana jinsi mzee yule alivyodanganyika. Masikio yake yalimwambia kweli. Aliisikia sauti, akaitambua kuwa ni ya Yakobo, akaingiwa na shaka. Ndipo alipoamua kupapasa mikono. Akaiamini mikono kuliko sauti, na kwa mikono akadanganywa. Nasi leo tumefika mahali pale pale. Ili tusajili laini yatupasa kutoa vidole, na kila mtu hudhani kwamba alama ya kidole haiwezi kusema uongo. Ni kweli kwamba kidole cha bibi yetu kilikuwa chake. Lakini kilichukuliwa kwa hila, kama vile ngozi zilivyokuwa ngozi halisi, zikatumika kusema neno lisilo kweli.

Tena angalieni ni nani aliyeumizwa. Isaka alitetemeka mno alipotambua. Esau alilia kwa uchungu, akiuliza kama baba yake hakubakiza baraka hata moja kwa ajili yake. Mwizi wa jina huwaumiza watu wawili kwa tendo moja: yule anayedanganywa, na yule ambaye jina lake limevaliwa. Katika habari yetu, mpangaji wa mkoa mwingine amepoteza fedha, na bibi amepoteza amani. Hapo zimevunjwa amri mbili kwa pamoja, ya nane inayokataza wizi, na ya tisa inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Na wale wanaotumia jina na picha ya mchungaji au askofu ili kuomba michango ya uongo, wanaliingiza jina la Mungu pia katika biashara yao, na hivyo huivunja na amri ya tatu.

Sheria inafuata nyuma ya dhambi

Wengine wameuliza kama kweli kuna sheria juu ya mambo haya, au kama ni maonyo ya redioni tu. Sheria ipo, nayo ina historia ambayo inafaa tuijue.

Huko Uingereza, katikati ya miaka ya 1980, watu wawili, Robert Schifreen na Stephen Gold, waliingia katika mtambo wa habari ulioitwa Prestel, wakitumia namba na neno la siri la mtu mwingine. Waliweza kufika hata kwenye sanduku la barua la Prince Philip, mume wa Malkia. Walishtakiwa kwa sheria ya kughushi ya mwaka 1981, kwa kuwa hakukuwa na sheria nyingine iliyoonekana kufaa. Walitiwa hatiani mwaka 1986. Lakini mahakama ya rufani iliwaachia, na mwaka 1988 mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ikakubali kwamba sheria ya kughushi haikutungwa kwa ajili ya jambo la namna hiyo. Mlango ulikuwa umeingiliwa, na sheria haikuwa na jina la kuliita kosa lile. Ndipo Bunge lao lilipotunga sheria mpya ya matumizi mabaya ya kompyuta mwaka 1990.

Nasi hapa Tanzania tulipita katika njia kama hiyo. Fedha zilianza kutumwa kwa simu, watu wa vijijini wakapata msaada mkubwa, na wezi nao wakahamia huko. Mwaka 2015 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao, ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka ule. Inakataza kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini, kugeuza habari zilizomo ili zionekane kuwa za kweli, kupata mali kwa hila ya kompyuta, na kujifanya mtu mwingine. Simu yako ya mkononi nayo inahesabiwa humo. Kwa kosa la kujifanya mtu mwingine, sheria ilipotungwa iliweka faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au mara tatu ya kile mkosaji alichojipatia, ikiwa hiyo ni kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote pamoja. Baadaye ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, inayowabana wale wanaokusanya habari zetu ili wasizitumie kwa jambo jingine lisilokusudiwa.

Twajua kwamba sheria ile ya 2015 ina vifungu vingine vilivyobishaniwa sana, hasa vinavyohusu kusema na kuandika, na kila raia ana haki ya kutoa maoni yake juu ya hivyo. Lakini juu ya kuiba kwa jina la mwingine hapana mabishano. Mtume Paulo anatufundisha kwamba mwenye mamlaka amewekwa kuwa mtumishi wa Mungu kwa mema yetu, wala hashiki upanga bure. Kwa hiyo yeye anayempeleka mwizi wa namna hii mbele ya sheria hatendi dhambi, wala hakosi upendo. Na yeye anayemsihi mjane anyamaze kwa ajili ya heshima ya kanisa, huyo ndiye anayepaswa kujiuliza amesimama upande gani. Hayo twayasema kwanza juu yetu wenyewe.

Lile ambalo sheria haiwezi

Hata hivyo, wapendwa, tusidhani kwamba hukumu ya mahakama inamaliza yote. Faini ikilipwa huingia katika hazina ya Serikali. Mwizi akikaa gerezani miaka 7, mpangaji yule hapati nyumba kwa sababu hiyo, wala bibi hapati usingizi. Sheria yaweza kuuzuia mkono. Kuurudisha moyo wa mwizi kwa jirani yake haiwezi.

Mkumbukeni Zakayo. Siku wokovu ulipofika nyumbani mwake, hakusema kwamba atalipa faini. Alisema kwamba kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila, atamrudishia yeye mwenyewe mara nne. Sheria yetu inataja mara tatu, na toba ya Zakayo ilivuka hapo. Zaidi ya hayo, fedha yake ilirudi mkononi mwa yule aliyeibiwa.

Na Yakobo je? Alipata baraka, lakini hakupata raha. Alikimbia nyumbani, akakaa ugenini miaka 20. Huko naye akadanganywa: usiku wa arusi alipewa Lea badala ya Raheli, na ujira wake ukabadilishwa mara nyingi. Mwisho alipokuwa akirudi, peke yake usiku penye kivuko cha Yaboki, alishindana mweleka na mtu hata alfajiri, akaomba abarikiwe. Naye aliulizwa swali moja tu: jina lake ni nani.

Hilo ndilo swali aliloulizwa na baba yake zamani, akajibu kwa jina la mwingine. Safari hii alisema kweli. Alijibu kwamba yeye ni Yakobo. Na baada ya kulitaja jina lake mwenyewe ndipo alipobarikiwa, akapewa na jina jipya. Lakini hakuishia hapo. Alimtangulizia Esau zawadi, na Maandiko yanazihesabu: mbuzi majike 200 na mabeberu 20, kisha kondoo, ngamia, ng'ombe na punda. Yeye aliyemdanganya baba yake kwa wana-mbuzi wawili alileta mbuzi 220. Naye Esau akapiga mbio kumlaki, akamkumbatia, wakalia wote wawili.

Kijana wetu, kama ukurasa huu utakufikia, nasi tutahakikisha unakufikia, twasema nawe kama wazazi. Nenda mbele ya sheria ukaseme kweli. Usiseme kwamba ulitumwa na mwingine, ikiwa mkono ulikuwa wako. Kisha mwendee bibi uliyemwamkia shikamoo, ukamtajie jina lako na tendo lako. Urudishe ulichopokea, hata kama itakuchukua miaka. Mlango wa kanisa haujafungwa kwako. Lakini tusikudanganye: njia ya kurudi inapita Yaboki, na Yakobo alitoka pale akichechemea.

Mambo yatupasayo

Kwanza, wala asicheke mtu. Anayedanganywa si mjinga. Isaka alikuwa baba wa imani, akadanganywa na mwanawe mwenyewe ndani ya hema lake. Wengi wameibiwa wakanyamaza kwa aibu, na ukimya wao ndio unaomnenepesha mwizi. Ukiibiwa, njoo useme. Waambie polisi, waambie na wenzako ili wao wapone.

Pili, tunza kidole chako kama unavyotunza sahihi yako. Ukiambiwa na wakala kwamba kidole hakijasoma, uliza ni kwa nini, na uangalie kilichoandikwa kabla ya kuweka tena. Asiyeona vizuri aende na mjukuu anayemwamini. Kisha piga *106# kwenye simu yako, nawe utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoitambua, nenda upesi kwenye ofisi ya kampuni ya simu ukaikane. Vijana wa Umoja wetu wamekubali kukaa nje ya kanisa baada ya ibada Jumapili mbili zijazo, wawasaidie wazee kufanya hivyo. Akina mama wa UMAKI nao watawapitia wale wasioweza kutoka nyumbani.

Tatu, namba ya siri ni siri. Asipewe mtu wa kampuni, wala mchungaji, wala mkwe. Mtu wa kweli hana haja ya kukuuliza.

Nne, ukipata ujumbe wa kutuma fedha, usiutii kabla hujampigia mwenyewe kwa namba uliyoizoea. Bwana wetu alisema kwamba kondoo huijua sauti ya mchungaji wao, nao humkimbia mgeni. Isaka laiti angaliyaamini masikio yake! Lakini siku hizi hata sauti yaweza kuigwa kwa akili mnemba, hata ukadhani ni mwanao anayelia. Basi muulize jambo mnalolijua ninyi wawili tu. Ujumbe wa kitapeli upeleke kwenye namba 15040, ili wenye kazi hiyo waishughulikie namba iliyoutuma.

Tano, parishi hii haitaomba mchango wowote kwa ujumbe wa simu. Michango yote itatangazwa kanisani, itapokelewa na wazee wa kanisa, na kila mtoaji atapewa stakabadhi. Ukiona ujumbe wenye jina letu au picha yetu unaoomba fedha, ujue kwamba hatukuuandika sisi.

Mwisho, wapendwa, tukumbuke jina tulilipata wapi. Siku ya ubatizo wetu tuliletwa kisimani, mchungaji akauliza jina, nasi tukatajwa mbele za Mungu na mbele ya watu. Tangu siku ile jina la kila Mkristo ni amana. Mali ikiibiwa yaweza kununuliwa nyingine. Jina hatulinunui, tulipewa. Yeye anayelichukua ili aibe kwalo anatia mkono katika kitu ambacho Mungu mwenyewe alikisikia kikitajwa.

Jumapili ijayo tutamtaja bibi yetu katika maombi. Alituomba tusimtaje katika ukurasa huu, lakini kanisani ametaka atajwe kwa jina lake kamili, la ubatizo na la baba yake, mbele ya wote. Njoni tulisikie likitajwa mahali pake.

Tuombe. Ee Mungu, uliyetuita kila mtu kwa jina lake, uyalinde majina ya wazee wetu na wajane wetu. Uwape waamuzi wetu hekima na haki. Uwape walioibiwa faraja, na walioiba moyo wa kusema kweli na kurudisha. Utusamehe sisi tulionyamaza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Sisi watumishi wenu katika Bwana,
Wachungaji wa Parishi